Sakafu ya Mudathiru

Mudathiru hajui kukaa. Hata chai huinywa akilizunguka gari, na wiki ile alilizunguka moja tu: gari dogo la michezo la Sebagabo, viti viwili, injini nyuma, lililozeeka kuliko wengi wanaolipiga picha barabarani.

Nyuma lilikuwa limelegea, bomba la moshi linagonga mawe. Gari la aina hiyo halina springi nyuma. Kila gurudumu hubebwa na fimbo ya chuma iliyolazwa chini, yenye meno kila ncha, nayo hujipinda badala ya springi kujibana. Ukitaka kuliinua, unaichomoa fimbo, unaizungusha jino moja, unairudisha, unashusha jeki, unalisukuma gari mbele na nyuma mpaka litulie, ndipo upime. Likikataa, unaanza upya. Vijana wa siku hizi hawaijui kazi hiyo. Hutoa kipande, huweka kipande, wakanawa mikono. Mtu wa kubishana na chuma mpaka chuma kikubali, mtaa wetu mzima wa Mbugangari amebaki huyu.

Jumanne alimaliza. Aliweka pimamaji juu ya bampa la nyuma, povu la hewa ndani yake likasimama katikati. Sebagabo akalichukua gari. Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi.

"Fundi, gari iko inalala kuume. Sawa mutu mwenye kutoka kunywa bia kule Rubona."

"Hapa iko sawa, patron. Angalia mwenyewe."

Sebagabo akaliangalia lile povu. "Bon. Donc siku ya Samedi niite bibi arusi na kanisa yote bakuje hapa mu garaje yako?"

Bibi arusi ni binti yake, Cyuzuzo, aliyekuwa aolewe Jumamosi hiyo na kupelekwa kanisani kwa gari lile. Sebagabo alisema, bila kupaza sauti, kwamba likilala tena atalipeleka Kigali, na huko ndiko litakakotengenezwa siku zote. Mudathiru amelishika gari lile tangu hajaota ndevu, akimpa baba yake spana. Mengine ya namna hiyo yameuzwa, yameoza, yamevuka mpaka. Likiondoka hili, yeye atabaki na pikipiki.

Akachomoa fimbo, akairudisha. Povu katikati. Akalitoa gari hadi barabarani: limelala. Akachomoa tena. Jumatano ikapita hivyo, na Alhamisi. Aliswali haraka haraka na kurudi chini ya gari na kofia yake kichwani.

Ijumaa mkewe, Bushira, aliingia na ndoo kuosha mafuta yaliyomwagika.

"Unatafuta nini humo, Baba Uwimana?"

"Natafuta penye uongo iko."

"Iko chini ya mugongo yako." Akamwaga maji. Yote yakakimbilia gurudumu la kushoto. "Zamani yalikuwa yanatoka kwa mulango. Tangu yale matetemeko ya volkano, yanaenda kwa kona ile."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Ukanijibu kama sakafu hii alimwaga baba yako, volkano haiwezi kuisogeza."

Mudathiru akatoka chini ya gari, akaiweka pimamaji sakafuni. Povu likakimbia pembeni. Kona ya kushoto ilikuwa imezama unene wa kidole, naye siku zote hizo alikuwa akiinua upande wa kushoto wa gari kuufidia huo mteremko, ndiyo maana barabarani lililala kuume. Akakaa chini, pale kwenye maji. Mimi jirani yake sikuwa nimepata kumwona amekaa kabla ya siku ile.

Akatia ubao chini ya gurudumu la kushoto, akarudisha jino aliloongeza. Jumamosi Cyuzuzo alipita mbele yetu katika gari lililosimama wima, na jioni Sebagabo akaja kusema neno moja: "Itaendelea kurudi kwako, fundi."

Mwingine angelala usingizi wake. Mudathiru sasa husimama kando ya barabara, ameinama, akitazama makalio ya magari, maana ni mengi yaliyopita juu ya sakafu ile tangu ardhi itetemeke. Jana alisimamisha pikapu ya viazi kutoka Busasamana.

"Iko inalala," alimwambia dereva.

"Ni mizigo, mzee."

"Shusha mizigo, tuone."

Dereva akacheka, akatia gia. Mudathiru akalifuata gari kwa miguu hadi kona, bado ameinama.