Boti Kubwa ya Mvuvi wa Masese

Vita vilipokwisha, mvuvi aliyekuwa akimletea Mastula samaki wa kuuza pale soko la Masese, kando ya ziwa, alipata boti mpya, ndefu mara tatu ya mtumbwi wake wa zamani, ya kwenda mbali ziwani. Lakini alivyokaa humo, ungedhani bado yumo kwenye mtumbwi. Alipanda kwa ncha za vidole, akakunja magoti mpaka kidevuni, akashika kopo la kutolea maji na ndani ya boti hamna hata tone. Mtu akitaka kupiga chafya, alimwomba kwa ile sauti yake ya mkwaruzo apigie katikati, wasije wakapinduka.

Injini ilipofungwa kwenye boti, Mastula alipanda naye ajionee. Mikono ile mipana, yenye makovu ya nyavu, ikavuta kamba mara moja tu. Injini ikanguruma, na mvuvi akajitupa chini kifudifudi kwa wepesi wa mtu aliyezoea. Miaka yote ya vita, injini ziwani ilikuwa ya wanajeshi, na mwenye mtumbwi alilala hivyo hivyo mpaka sauti ipotee. Boti ikabaki bila wa kuishika, ikawa inazunguka palepale mbele ya soko, na akina mama wa samaki wakipiga makofi.

“Bwana, inuka,” Mastula alisema, ameng’ang’ania ubao kwa mikono miwili. “Injini ni yako.”

“Najua, Hajati,” sauti ikajibu kutoka chini, kwa upole kabisa. “Lakini ngoja kwanza wapite.”