Daftari Nililomnyima Mwalimu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, enzi bado nina miguu ya kukimbilia basi, nilipoingia maktaba ya Barking, mashariki mwa London, kujiandikisha kozi ya bure. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimetoka Tanga miaka miwili nyuma. Kozi ya kompyuta niliyoitaka ilikuwa imejaa. Iliyobaki ilihusu Renesansi, ule mwamko wa elimu na sanaa ulioanzia Italia ukasambaa Ulaya. Nikaandika jina kwa sababu mle ndani mlikuwa na joto.

Mwalimu alikuwa mzee wa Kiingereza, mpole, suruali imechakaa magotini. Upole wake ndio ulionitia shaka. Kila aliposema elimu ilifika Ufaransa, ikafika London, mimi nilijiuliza moyoni: na kwetu ilifika lini, na aliyeileta alishika nini mkono wa pili? Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza.

Jirani yangu darasani alikuwa Mzee Hasmukh, Mhindi mzaliwa wa Mwanza aliyekuwa akija kwa treni kutoka Stanmore, upande mwingine wa jiji. Tulinong'ona Kiswahili. Wiki ya tano mwalimu akaeleza kwamba vitabu vingi vya Wagiriki wa kale vilivyowaamsha Wazungu vilikuwa vimetunzwa na kufasiriwa kwa Kiarabu kwanza. Kiburi kikanipanda. Nikasema mbele ya wote kwamba babu yangu naye aliacha daftari la mashairi na dawa za miti, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nami ninalo chumbani.

Wiki iliyofuata mwalimu akaniletea fomu. Aliomba kupiga picha kurasa zote, nakala moja iwe yangu, nyingine ihifadhiwe chuoni kwake.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Vya kwetu vingapi vimo kwenye makabati ya kioo ya mji huu, na vilianza kwa ombi la adabu kama lile? Hata Mzee Hasmukh nilimshuku, maana nilimwona akizungumza na mwalimu mlangoni.

Mzee Hasmukh akaichukua fomu, akaisoma taratibu. "Inasema daftari haliondoki mkononi mwako," akaniambia. "Na jina la babu yako litaandikwa."

"Imeandikwa na nani? Si yeye?"

"Basi andika na wewe. Kata usichotaka, ongeza unachotaka. Mbona unakimbia, binti?"

Kozi nikaiacha. Daftari nikalitia kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikalisukuma nyuma ya kabati lililoegemea ukuta wa nje. Yule dada wa Kikongo niliyechangia naye jiko, mtu aliyenipikia nilipougua, nikawa namfungia mlango. Watu wasema akiba haiozi.

Baridi mbili zikapita, nikapata kazi upande wa Hayes, magharibi mwa jiji, ikabidi nihame. Nilipovuta kabati, ukuta wote ulikuwa mweusi kwa ukungu. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye plastiki ukakosa pa kutokea. Kurasa ziligandana kama mkate uliolowa. Nikajaribu kuzibandua, wino ukabaki vidoleni mwangu. Palisomeka mahali pamoja tu: dawa ya kikohozi cha mtoto mchanga, chemsha majani ya, na hapo ikakatika kabla ya kutaja mti.

Nikaenda Stanmore nikilia. Mzee Hasmukh alinipa chai, ila pole hakunipa.

"Umelilinda na watu," akasema, "ukaliachia ukuta. Wiki sita ulisikiliza nini darasani? Vile vitabu havikuokoka kwa kufungiwa. Mwarabu alinakili, Myahudi akanakili, Mtaliano akanakili, na kila mmoja alimshuku mwenzake."

"Na kama angeniibia, mzee?"

"Angekuibia ungekuwa na mtu wa kumdai. Sasa utamdai nani?"

Hadi leo sijui kama mwalimu yule alikuwa mtu mwema. Sikurudi kumwuliza, aibu ilinizuia. Wala sisemi shaka yangu ilikuwa ya kijinga. Waliokuja kwetu na kitabu mkononi hawakuja wote kwa heri. Kosa langu ni kwamba nilishuku nikanyamaza, nikadhani kuficha ni kutunza.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe ninayekusemesha Kiswahili ukanijibu Kiingereza, usiache kushuku. Ukiletewa elimu, uliza imepitia mikono ya nani na nani kafutwa jina njiani. Ukiombwa iliyo yako, soma karatasi hadi mstari wa mwisho, kisha kaa palepale wakipiga picha, hata wakikuona msumbufu. Ila kabla hujaombwa na mtu yeyote, nakili mwenyewe. Mkalishe bibi yako, mwulize jina la mti, liandike, mpe na binamu yako aliandike. Shaka ni mlinzi mzuri wa mlango. Usimkabidhi nyumba nzima.

Mwenyezi Mungu akukinge na wajanja, akukinge na woga wako pia. Akujalie watoto watakaosoma ulichoandika, na wakikuta umekosea, wakusahihishe kwa upendo. Amina.