Ponti ya Mbele, Njia ya Kasenga

Niliolewa kanisani Jumamosi, na Jumatatu asubuhi nikapanda gari kumfuata kwake Kasenga mume ambaye hata sauti yake sikuwa nimeizoea. Alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja aliyenunua samaki Kasenga, kando ya mto Luapula, na kuwauza mjini kwetu, Élisabethville. Baba yangu alikuja mjini kutoka kaskazini ya Katanga kujenga reli, kisha akabaki kwenye tanuru za shaba. Alimfahamu dereva huyu kwa sababu walikaa benchi moja wakati wa misa. Alimpenda kwa utulivu wake.

"Muntu wa kunyamaza hapigaka bibi," alimwambia mama.

Mama alijibu kwamba mtu wa kunyamaza hasemi na bibi pia. Lakini mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa.

Mimi nilizaliwa kampini, katika nyumba za wafanyakazi zilizobanana hata jirani akikohoa mnamwambia pole kupitia ukuta. King'ora cha kazi kilituamsha, bomba la maji lilikuwa moja kwa safu nzima, na usiku tulilala wasichana wanne kwenye mkeka mmoja. Sikuwahi kuwa peke yangu maishani mwangu. Sikujua hata kwamba upweke ni kitu kinachoweza kumpata mtu mzima wa afya, kama homa.

Gari letu lilikuwa kamyoneti, lori dogo la kijeshi, mabaki ya vita vya Wazungu vilivyokuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Magurudumu yote manne yalivuta, na ndiyo sababu Mgiriki aliipenda: wakati wa mvua ilipita kwenye matope ambako malori yalilala. Nyuma tulipakia masanduku matupu ya samaki, sanduku langu la nguo, na kuku wawili waliofungwa miguu, zawadi ya shangazi.

Kabla ya kufika Kasomeno, njiani kwenda Kasenga, kuna kijito. Mvua ilikuwa imechukua magogo ya daraja, basi mume wangu akaingia majini taratibu, injini ikinguruma. Tulivuka vizuri. Ilikuwa wakati wa kupanda ukingo wa pili ndipo gurudumu la kulia likatumbukia katika shimo lenye jiwe, nikasikia mlio kama mfupa wa ng'ombe unaovunjwa kwa shoka. Gari likasogea kidogo hadi kwenye nyasi kavu, likainama upande mmoja, likasimama.

Alilala chini, akachungulia, akatoka na mafuta hadi kwenye viwiko.

"Ponti ya mbele imevunjika," alisema.

Ponti ndiyo ekseli, ule mhimili mzito wa chuma unaobeba magurudumu mawili ya mbele. Mimi sikujua. Nilimuuliza kama ataitengeneza.

"Hii haitengenezeki. Inafaa ingine. Mu ville kuko magari ya vita ya kufa, ntapata mule." Akajifuta mikono kwa nyasi. "Utabakia hapa na gari."

"Mi peke yangu?"

"Tukiiacha, bantu bataiba mapine, magurudumu yote. Kijiji iko karibu. Usiogope, ntarudia."

Mchana lori la samaki lilipita kuelekea mjini. Alipanda juu ya mizigo, akaketi akiwa amegeukia mbele. Nilisimama barabarani nikingoja ageuke. Vumbi halikuwapo kwa sababu ya mvua, kwa hiyo nilimwona vizuri mpaka lori lilipopotea kwenye kona, na hakugeuka.

Siku zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka ukimya. Pale kampini nilikuwa nikilalamikia kelele. Sasa nilikaa kwenye ngazi ya gari nikisikiliza kama kuna mashine yoyote inayokuja, na masikio yakaanza kunidanganya. Nzi wakawa lori. Upepo kwenye miti ukawa lori. Watu walipita na mihogo vichwani, wakanisalimia kwa lugha yao, nikawajibu kwa maneno machache ya Kibemba niliyookota kampini, na baada ya salamu sikuwa na neno jingine. Waliongea wao kwa wao wakinitazama, kisha wakaenda. Nilijua wanajiuliza ni mke wa aina gani huyu anayewekwa kulinda chuma.

Jambo lililoniumiza zaidi lilinijia nikiwa nachota maji kijitoni. Niliona kwamba hakuna mtu hata mmoja anayenipenda anayejua mahali niliposimama. Mama alidhani nimefika Kasenga na ninapanga vyombo. Kama ningeanguka katika maji yale, wangeendelea kunifikiria nikicheka nyumbani kwangu. Nililia pale kwa sauti, kama mtoto, kwa kuwa hapakuwa na wa kunisikia.

Lakini alikuwapo. Mwanamke mmoja wa kijijini, wa umri wa mama yangu mdogo, alikuwa akitoka shambani na jembe begani. Aliweka jembe chini, akanawa miguu polepole kuliko inavyohitajika, akaniacha nimalize. Jioni alikuja na bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo katika sahani ya bati.

"Kula, mwana," alisema kwa Kiswahili cha kutafuta maneno. "Bwana yako atakuya. Gari yake iko hapa, atakuya tu."

Alidhani ananifariji kwa kusema ni gari litakalomrudisha. Sikumlaumu. Tangu siku ile nililala nyumbani kwake, na kila kulipokucha nilirudi kwenye gari. Kuku mmoja nilimpa yeye.

Mume wangu alirudi asubuhi moja juu ya lori la magunia. Wanaume waliokuwa humo waliisukuma ponti aliyoipata ikaanguka kwenye nyasi kwa kishindo, wakanirushia salamu, wakaondoka. Yeye alianza kwa kuzunguka gari akigusa matairi.

"Mapine yote iko," alisema. Kisha akanitazama. "Uko muzima?"

Nilimjibu niko mzima. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kumwambia. Lakini yeye alikwisha kuvua shati na kutandika vyombo vyake vya kazi juu ya gunia.

Nilidhani atatafuta wanaume wa kijijini, lakini walikuwa wamekwenda mbali kwenye mashamba yao. Akanitazama mara ya pili, kama mtu anayepima uzito wa mzigo.

"Utanisaidia?"

Nilifunga kitenge vizuri, nikapiga magoti kwenye matope.

Kazi ile niliielewa kadiri ilivyokwenda, na nataka kusema kweli: niliipenda. Tulizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Aliinua mbele ya gari kwa kiriki, yaani jeki, tukapanga magogo chini yake. Tukang'oa magurudumu ya mbele. Alifungua bomba la breki, kisha fimbo ya usukani, kisha ule mti wa chuma unaoleta nguvu ya injini mbele. Vibano vilivyoshika ponti kwenye resori, zile springi za chuma, vilikuwa na kutu. Alivimwagia mafuta, tukangoja, akavipiga nyundo, tukangoja tena. Mimi nilishika taa ya jua, yaani kioo changu cha kujitazamia, nikimwelekezea mwanga pale chini penye giza. Ponti iliyovunjika ilipoanguka, tuliiburuta kwa kamba, yeye mbele, mimi nyuma nikisukuma kwa miguu.

Ile ingine aliivisha magurudumu kwanza pale pale kwenye nyasi, ili tuiviringishe kama mkokoteni. Sikutegemea chuma kizito hivyo kitanitii. Tuliiingiza chini ya gari, akatoa magogo, likabaki gari juu ya kiriki peke yake, akaanza kulishusha polepole.

"Tazama pini," alisema. "Chini ya resori kuko pini. Inafaa kuingia mu tundu ya ponti. Ukiona haifike, sema."

Nililala ubavu nikichungulia. Upande wa kulia pini iliingia. Upande wa kushoto ilipita kando kidogo. Nikasema. Nikaisukuma ponti kwa mkono, bado. Nikaisukuma tena.

"Toa mukono!" alipiga kelele.

Niliutoa kwa sababu ya sauti yake. Sikuwa nimeona chochote. Ubao uliokuwa chini ya kiriki ulipasuka, kiriki likazama kwenye udongo laini, na mbele yote ya gari ikashuka. Upepo wake ulinipiga usoni. Niliuangalia mkono wangu, nikahesabu vidole kana kwamba si vyangu.

Nilipotoka, nilimkuta ameketi matopeni, mgongo kwenye gurudumu. Nilimwonyesha mkono.

"Mi muzima, baba. Angalia. Sikuumia."

Hakuangalia. Alifunika uso kwa mikono ile yenye mafuta, na mtu huyu ambaye hakunipa maneno ya kujaza kikombe akaanza kusema.

"Nilikuwa na bibi mbele yako. Baba yako anajua. Nilimwomba asikuambie, nilitaka kukuambia mi mwenyewe." Alipumua. "Mimba ilimukamata vibaya kule Kasenga. Nikamuweka mu hii gari tuende ku lopitali. Mvula. Tukakwama, mbele ya hapa. Niliingia chini, nikachimba. Alikuwa ananiita. Nikamwambia, ngoja kidogo, gari inatoka. Nikachimba. Gari ikatoka." Akashusha mikono. "Nilipofungua mulango, alikuwa amekwisha kwenda. Yeye na mutoto."

Kwetu, mume akilia mbele ya mke mpya, hakuna aliyefundishwa jibu. Nilikaa kando yake, bega kwa bega, tukitazama msitu. Nilimwonea huruma, na papo hapo, nasema ukweli, nilihisi baridi. Nilielewa kwamba alipopanda juu ya lori bila kugeuka, hakuwa ananisahau. Alikuwa hawezi kumtazama mwanamke anayebaki kwenye gari lile. Lakini pia nilielewa kwamba katika ndoa yetu tulikuwa watatu, na mimi ndiye niliyefika mwisho.

"Alikuwa anaitwa nani?" nilimuuliza.

Alinitajia jina. Sitaliandika hapa. Nililirudia kwa sauti ndogo, naye akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Kisha akasimama, akachungulia chini. Pini ya kushoto ilikuwa imeingia katika tundu lake yenyewe, wakati gari lilipoanguka. Tulifunga vibano, akaunganisha yaliyobaki, na kabla jua halijazama injini iliwaka. Nilikwenda kumuaga yule mama wa kijijini. Alinipa mahindi mabichi, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema kitu kwa lugha yake ambacho sikukielewa wala sikumwomba akitafsiri.

Tulilala Kasomeno, na kesho yake tukafika Kasenga. Samaki walikuwa wakimngoja. Mgiriki alitaka wafike mjini kabla hawajaharibika, kwa hiyo mume wangu alishusha sanduku langu na kuku aliyebaki, akanipa ufunguo wa nyumba yake, akageuza gari. Safari hii alitoa kichwa dirishani.

"Ntarudia," alisema.

Ndani ya nyumba mlikuwa na vumbi la miezi. Nyuma ya mlango nilikuta kinu, ungo uliotobolewa na panya, na chungu cheusi kikubwa kuliko mahitaji ya watu wawili. Havikuwa vyombo vya mwanamume. Nilivitoa vyote nje kwenye jua. Majirani walitoka kunitazama. Hakuna niliyemjua, na hakuna aliyethubutu kuniambia vile ni vya nani. Ungo niliutupa. Kinu nilikiacha kando ya ukuta.

Chungu nilikipeleka mtoni, nikakisugua kwa mchanga mpaka ndani kukang'aa, nikakibeba kichwani kurudi. Moto ulichelewa kushika kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi. Nilichemsha yale mahindi, nikala peke yangu mlangoni.