Ngoma ya Munira

Mwantumu wa Ruponda hakuwahi kukosa unyago wa mtu. Tangu amcheze binti yake mkubwa, Munira, amezunguka Malolo, Chinongwe, hadi Nachingwea mjini, na kila alikocheza alimtunza mama wa mwali: kitenge, kuku, noti. Mcheza kwao hutunzwa, nasi huku kusini tunajua kwamba uliyemtunza leo atakutunza siku ya mwanao. Zamu yake Mwantumu alikuwa anamwekea Somoe, kitindamimba wake wa miaka tisa.

Mwaka huu Munira, mtafiti kijana wa magonjwa ya mikorosho, alipata nafasi ya mafunzo ya kiangazi Dar es Salaam. Wanafundishwa kutumia kompyuta kuu, mashine nyingi zilizounganishwa, zinazomaliza kwa saa chache hesabu ambayo kompyuta ya kawaida ingehangaika nayo mwaka. Mfadhili alilipa nusu ya ada. Nusu nyingine isipofika Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Ufuta wao ulikuwa bado haujauzwa, na Mwantumu hakuwa mtu wa kukaa kulia. Akaita ngoma.

Wanawake walijaa uani. Ngoma ikalia, kisha Bi Rukaiya, kungwi wetu, akainua mkono ikanyamaza.

"Mama Munira, mwali yuko wapi?"

"Huyu hapa." Alimwonyesha Munira, ameketi mkekani, amejitanda kanga.

"Huyo tulishamcheza zamani. Mtu mzima huyo."

"Anakwenda masomoni, Bi Rukaiya. Nilichowatunza wenzangu, naomba kinirudie leo."

Minong'ono ikapita. Mimi jirani yake niliona wengine wanakaza mafundo ya fedha kwenye mapindo ya kanga zao. Hasira zikanipanda. Wangapi pale aliwapikia siku za shughuli zao mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi?

"Kurudi kitarudi," alisema Bi Rukaiya. "Ila deni halilipwi mara mbili. Siku ya Somoe usije ukatugongea milango."

Somoe alikuwa mlangoni mwa jiko, anasikia yote. Munira akainuka.

"Mama, acha tu. Nitaomba tena mwakani."

"Kaa." Mwantumu hakumtazama. "Ya Somoe nitacheza peke yangu."

Hakuna aliyecheka. Bi Rukaiya alifungua pindo lake, akaweka noti kwenye ungo.

"Tumemalizana," akasema.

Akafuata mama mmoja wa Malolo. "Tumemalizana." Kila mmoja aliweka, akasema neno hilohilo, akaondoka bila kungoja kula wali. Mwantumu alimjibu kila mmoja ahsante. Ada ya Munira ilitimia, na furaha sikuiona usoni mwa mtu.

Wa mwisho alikuwa dada yake Mwantumu, wa tumbo moja. Aliweka noti yake kwenye ungo. Mwantumu alimshika mkono, akawa anangoja neno jingine.

"Tumemalizana, mdogo wangu," dada yake alisema, akatafuta viatu vyake.