Kichwa cha Melkiadi na mkono wa mama mkwe

Leo nimekiachia kichwa cha jirani yangu kikaanguka chini. Kwa heshima kabisa.

Melkiadi ameanguka na baiskeli kwenye mteremko wa hapa Giteranyi, na mkungu wa ndizi ukamfuata juu. Analalamika shingo.

Mimi nimesomea huduma ya kwanza, bwana. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa kwa mikono miwili kisitikisike wala kisiguse mawe.

"Usisogee hata kidogo. Gari la wagonjwa linakuja."

Ila mnatujua Warundi! Kila anayefika lazima ampe kila mtu mkono, na majeruhi naye ni mtu.

"Amahoro, Melkiadi!" Mzee mmoja akamnyooshea mkono.

Naye Melkiadi huyo, anataka kuinuka.

"Lala!"

"We! Nimsalimie mzee wa watu nikiwa nimelala?"

Nikawaka. "Atakayemsalimia tena huyu, nitamlaza pembeni yake! Salamu baadaye!"

Watu wakarudi nyuma. Nikajiona daktari.

Ndipo akafika mama mkwe wangu. Akaninyooshea mkono.

Nikatazama kichwa.

Nikatazama mkono.

Na mkwe hasalimiwi kwa mkono mmoja.

"Amahoro, mama," nikasema, kwa mikono yote miwili.

Puu!

(Shingo ni nzima, kituo cha afya wamempima. Ana nundu moja tu, na hiyo ni kazi yangu.)

Semeni ukweli, nyinyi mngeshika kipi?

Maana Melkiadi mwenyewe, wakati anapakiwa garini, ameniambia: "Ungeuacha mkono wa mama hewani, mimi nisingekusalimia tena."