Sahani Sita za Pilau

Januari ile, Stockholm ilipofungua muda wa wazazi kuchagua shule za darasa la saba, niliwaalika wazazi sita wa ushirika wetu wa maombi. Nilipika pilau ambayo harufu yake ilifika uwanja wa ndege kabla ya abiria. Watoto wetu walikuwa wamekua pamoja hapa mtaani Skärholmen, na binti yangu, ambaye hana kaka wala dada, aliwahesabu kama ndugu.

Niliwaeleza kwamba hapa pesa za serikali humfuata mtoto kokote aendako. Watoto wetu wakikimbilia shule za mjini, ile ya mtaani itabaki na kuta tu. Jengo lile nalijua. Ndimo nilimosoma masomo ya jioni miaka minne, nikiwa mwanafunzi mzee kuliko ubao. Nikawaomba wote tuichague, watoto wasitengane. Wote waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akafunga kwa sala, tukasema amina kwa sauti ya kung'oa dari.

Usiku huohuo nikajaza shule moja tu kwenye mtandao. Nafasi za chaguo la pili na la tatu niliziacha wazi kama mtu mwenye imani.

Majibu yalipotoka, watoto watano wa wageni wangu walikuwa wamepata mjini. Wa sita alipelekwa mtaa wa mbali wa Hallonbergen kwa shangazi yake, karibu na shule nyingine. Niliwapigia wazazi simu, kila mmoja alinisalimia kwa urefu wa kumaliza betri, na habari ya shule haikufikiwa. Kati yao ni jirani yangu Mrundi tu aliyekuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Dada, ningekukatalia vipi na sahani yako iko mkononi mwangu?"

Mimi pia nimewahi kuitikia mengi kwenye meza za watu.

Agosti binti yangu akaenda shule ya mtaani peke yake. Asubuhi wenzake walishuka kwenda kwenye treni. Yeye alikata kushoto, akiangalia simu yake kwa bidii ya daktari. Nikimuuliza siku imeendaje, alinijibu Kiswidi kama kawaida yake: vizuri. Nilimwandikisha kwenye foleni ya shule ya wenzake, nikajiambia ni tahadhari tu. Jumapili nilichekesha watu kanisani mpaka wakashika mbavu, kisha nikarudi nyumbani tukala wawili, redio ikizungumza zaidi kuliko sisi.

Novemba ujumbe ukaingia: nafasi imepatikana, tujibu ndani ya wiki. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumweleza kwamba shule ni yeye, kwamba akiondoka na fungu lake la pesa linaondoka, kwamba mwalimu wake ni mzuri. Nilimsomea ujumbe kwanza. Hakungoja hotuba. Alinijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanya akiwa mgonjwa tu.

"Nataka kwenda, Mama. Nakula peke yangu tangu Agosti."

Nilibonyeza ndiyo mbele yake. Akanikumbatia, halafu akakimbilia chumbani kuwapigia wenzake, na kicheko chake kikapita ukutani. Sikuwa nimekisikia miezi mitatu.

Kompyuta aliyoazimwa na shule ya mtaani niliirudisha mimi. Mwalimu wake alikuwa darasani, anasukuma meza za ziada ukutani ili chumba kisionekane kitupu. Nilitaka kumwambia kuhusu pilau, kuhusu amina ile, kwamba mimi ndiye niliyepigania shule hii katika mtaa mzima. Nikasema tu kwamba binti amepata nafasi walipo marafiki zake.

Alisema anaelewa. Ni wa nne kuondoka muhula huu. Akaipokea kompyuta, akaniuliza kama nina haraka, nikasema sina. Akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake, tukakaa kwenye viti vya watoto, magoti juu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kuaga.