Majora ya Kuazima

Celine Adoyo akishasema jambo litafanyika, wewe toa kiti chako njiani apite. Ndivyo alivyo. Zamani, alipokuwa akishona sare za shule kwenye baraza ya nyumba ya kanjo, ile halmashauri ya jiji, pale Shauri Moyo, mumewe Ochola, mtu wa reli, alimwambia cherehani moja haiwezi kuvisha shule. Celine akaendelea tu kukanyaga. Leo ana karakana karibu na Gikomba, duka Donholm, na chumba cha kufumia sweta kule Kware, chini ya jengo refu ambalo jua hulisikia kwa majirani. Ochola amestaafu, na ndiye anayepiga pasi.

Lakini jamani, biashara ilikua mwili, akili ikabaki ile ya barazani. Kila kitu kilikuwa kichwani mwa Nthoki. Huyu Nthoki ndiye mshika stoo, rafiki wa Celine tangu enzi za ile cherehani moja, mama wa Kikamba mwenye sauti ya kwaya na funguo kiunoni. Kichwa chake ni kizuri, simnyimi haki yake, ila hakiwezi kuwa Gikomba na Donholm kwa wakati mmoja. Januari iliyopita shule moja iliagiza sketi za maruni, Nthoki akasema kitambaa kimejaa tele. Kumbe kule Donholm walikuwa wamekwisha kukiuza chote bila kumwambia mtu. Watoto wakafungua shule na nguo za nyumbani. Mwalimu mkuu hakupiga kelele. Alihamia kwa fundi mwingine kimyakimya, na hilo lilimuuma Celine kuliko matusi.

Mwaka huu ikaja bahati, na masharti yake mkononi. Sista Roseline, anayesimamia shule kadhaa za kanisa huku Eastlands, alimwita ofisini akamwambia, "Mama, nitakupa sare za shule zangu zote. Lakini siku yoyote nikikupigia kuuliza una nini, unijibu papo hapo, na iwe kweli. Ukinidanganya hata mara moja, tumeachana."

Celine aliitaka kazi hiyo kwa kufa na kupona. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kutafuta mfumo wa kompyuta, ule unaounganisha stoo, ukataji, ushonaji na duka, hivi kwamba mita ikiuzwa Donholm, Gikomba wanaiona imetoka. Ochola alikuna kichwa akauliza kama daftari zimekatazwa siku hizi.

Kampuni iliyouza mfumo ikamleta kijana mmoja mpole wa miwani, Phares. Siku ya kwanza aliwakusanya wote akasema, "Kabla ya kuuwasha lazima tujiandae. Hii kitu haijui kitambaa ni nini. Inajua tu kile mtaiambia."

Basi kujiandaa kukaanza, na kukazuka vita. Kitambaa kilekile cha kijani, Nthoki alikiita "ya kwaya", Kware wanakiita "nzito", na Donholm wanakiita "ile ingine". Ile ingine! Phares akataka jina moja. Kila mtu akang'ang'ania lake kana kwamba ameambiwa abadilishe jina la mtoto wake. Nthoki akasusa, akakaa kwenye gunia la vipande akitafuna njugu.

"Mama Lorraine," alisema, maana humwita Celine kwa jina la bintiye, "hiki kitambaa tumekiita hivi tangu Lorraine akiwa mgongoni. Leo kimezaliwa upya?"

"Kimezaliwa upya," Celine akajibu. "Na kitabatizwa leo, upende usipende." Kikabatizwa. Ilichukua wiki kadhaa na sauti nyingi za kupanda, lakini mwishowe kila rafu ilikuwa na karatasi yake na kila kitambaa jina lake.

Ikabaki kuhesabu mali yote na kuiingiza kwenye mfumo. Jumatatu wakahesabu Gikomba, Jumanne Donholm, Jumatano Kware. Celine siku hizo alikuwa mbio Industrial Area akitafuta nyuzi, kwa hiyo alimwachia Nthoki amwongoze Phares. Jumatatu jioni aliporudi alikuta rafu zimejaa hadi juu, sakafu imepigwa deki, na Phares ameshiba mandazi. Moyo wake ulijaa. Hata yeye hakujua kama ana mali namna ile. Aliimba njia nzima kwenda nyumbani.

Alhamisi asubuhi akaingia Mumina, muuza vitambaa wa Gikomba, jirani mwema kabisa, na hamali nyuma yake.

"Mama Lorraine, habari za asubuhi? Nimefuata majora yangu ya kijani. Mgeni wenu ameshaondoka, sivyo?"

"Mgeni gani? Majora gani?"

"Si yale aliyoazima Nthoki! Alisema mna mgeni wa kuangalia stoo, na rafu za kijani ni tupu."

Celine alimwita Nthoki. Nthoki alikuja, akamwona Mumina, akaangalia chini.

Sasa, asiyekaa Shauri Moyo hataelewa. Kule mgeni akija kwako, viti hutoka mlango wa pili, vikombe ng'ambo, chupa ya chai kwa mama mwingine, na hakuna anayeuliza. Mgeni akiondoka kila kitu kinarudi kwao. Nthoki alisikia kuna kijana wa kampuni anakuja kutazama stoo ya rafiki yake, akafanya lile ambalo angefanya mtu yeyote mwenye upendo. Alijaza nyumba.

"Ningekuacha uaibike?" Nthoki alisema. "Wakwe wa Lorraine walipokuja, viti nilileta mimi. Vikombe nilileta mimi. Ulinishukuru hadi ukalia."

"Nthoki! Huyu si mkwe! Huyu anahesabu!"

Phares, ambaye alikuwa akiunganisha nyaya za kompyuta pembeni, akajaribu kutuliza. "Si neno, Mama. Tutaondoa tu majora ya huyu mama kwenye hesabu."

Nthoki akatikisa kichwa. "Si hayo peke yake. Maruni na kijivu nilitoa Donholm. Yakahesabiwa hapa Jumatatu, usiku nikayarudisha Donholm. Jumanne yakahesabiwa tena."

Ala! Phares alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Celine alikasirika, nisifiche, alikasirika hadi masikio yakawa moto. Mchana ule Sista Roseline alikuwa ameahidi kupiga simu ya kwanza kuulizia kijani. Kama si Mumina kuja mapema, Celine angeusoma mfumo wake mpya kwa maringo, na kazi ingekufa siku ileile iliyoanza.

Nthoki alifungua funguo kiunoni, akamnyooshea Celine. "Chukua. Utafute mtu wa kompyuta."

Celine aliziangalia zile funguo. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilimfanya atake kulia. Hapajawahi kuwa na siku mbaya maishani mwake ambayo mwanamke huyu hakuja na kiti. Alimfunga funguo kiunoni tena, kwa nguvu kidogo.

"Hafukuzwi mtu hapa. Phares, futa hesabu yote."

"Yote, Mama? Kazi ya siku tatu?"

"Yote. Funga milango, Donholm na Kware wafunge pia, kusitoke uzi. Tunaanza upya sasa hivi, na Nthoki ndiye atakayetaja na wewe utaandika."

Mumina alisaidia kupakia majora yake, hamali akaondoka nayo, na rafu za kijani zikabaki mbao tupu mbele ya mafundi wote. Waliacha kushona wakasimama kutazama. Wakaanza na kaki, wakaja shati nyeupe, Nthoki akitaja kwa sauti ndogo isiyofanana naye. Walikuwa wamefika kwenye rafu za kijani simu ilipolia. Alikuwa Sista Roseline, amewahi.

"Mama, leo una kijani kiasi gani?"

Celine alifungua mdomo. Kisha akamgeukia Nthoki, akamwekea simu sikioni.

"Mjibu wewe," alinong'ona. "Wewe ndiye mwenye stoo."

Nthoki alizitazama zile mbao. Jasho lilimtoka mama wa watu. Ungemwomba avue nguo sokoni isingemuwia vigumu zaidi.

"Sista," alisema mwishowe. "Hakuna. Hata mita moja. Kinakuja wiki ijayo, na nitakwambia kikishafika."

Sista akasema, "Haya. Basi niwekeeni cha wiki ijayo, na anzeni na shule ya Donholm." Akakata.

Phares aliandika sifuri. Nthoki alimrudishia Celine simu, akajifunika uso kwa leso na kulia kwa sauti, bila kujali anayetazama. Celine alimshika bega akamwacha alie kidogo.

"Haya, futa macho," akamwambia. "Bado kijivu, halafu twende Donholm na Kware."